Mikebe ya Nasoro Kule Miti

Usman alifika Nguba, mtaa wa Bukavu kando ya ziwa, siku ya Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, amekumbatia boksi dogo kifuani kama mtu aliyetumwa keki ya harusi. Dada yake, Amisa, alikuwa barazani akichambua sambaza, visamaki vya ziwani. Nasoro, mume wa Amisa, alikuwa kwenye kiti chake cha nailoni, uso umeelekea ziwani, mkono wa kuume umelala juu ya paja kama kitu alichowekewa hapo na mtu mwingine.

Usman alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wenye boti zinazobeba watu na mizigo kati ya Bukavu na kisiwa cha Idjwi. Kazi hiyo yeye na dada yake waliikuta kwa baba yao, aliyepanda kutoka Uvira na chumvi na vitenge, mtoto wa watu waliokuja zamani kutoka pwani ya mashariki na Kiswahili chao na misala yao. Na tangu enzi za baba, boti za familia zilikuwa na redio. Lakini redio ya boti ni dhaifu. Kilima kimoja tu kikisimama katikati, sauti inakufa. Ndiyo maana paliwekwa mtambo juu ya mlima nyuma ya kijiji cha Miti, mtambo ambao watu wa redio wanauita relais: unasikia sauti ndogo ya boti na papo hapo unaitoa tena kwa nguvu, ziwa zima likaisikia.

Nasoro ndiye aliyeujenga. Amisa ndiye aliyekuwa sauti yake, msichana wa ofisi ya Nguba mwenye kipaza sauti mezani, aliyejua kila nahodha kwa kikohozi chake.

Halafu simu ziliingia, redio zikaanza kuachwa, na mwisho radi ikapiga mlimani na relais ikanyamaza. Hakuna aliyeililia, ila Nasoro. Lakini katika masika yaliyopita boti moja, Neema, ilizimikiwa injini katikati ya ziwa, pale ambapo simu haishiki mtandao, ikasukumwa na mawimbi mpaka kesho yake. Watu wote walitoka salama, wamelowa na wamekasirika. Jamaa zao waliosubiri ufukoni bila habari walikasirika zaidi. Umoja ukakata shauri: relais irudi.

"Yaya, angalia hii," Usman alimwambia dada yake, akifungua boksi kwa uangalifu. "Iko mupya. Ni dupleksa ya kisasa. Ile mikebe sita ya zamani ilijaza nyumba muzima. Hii unaweka mu sakosi ya mukono."

Amisa alifuta mikono akaangalia. Kilikuwa kisanduku bapa cha chuma, kizuri, chenye skurubu ndogo ubavuni, si kikubwa kuliko msahafu. Alijua dupleksa ni nini kwa namna mke wa fundi anavyojua: ni kile kinachokaa kati ya mtambo na antena, kazi ambayo zamani ilifanywa na mikebe ya Nasoro. Relais ina antena moja tu, na kwa antena hiyo hiyo inasikia na kusema kwa wakati mmoja, kwa frekansi mbili tofauti. Pasipokuwa na kitu cha kutenganisha, sauti yake yenyewe ingeingia katika sikio lake na kuliziba. Zaidi ya hapo hakuwahi kuuliza.

Usman alimwekea Nasoro kisanduku mapajani. Tangu kiharusi kilipompiga, miaka miwili ilikuwa imepita. Mguu ulikuwa umerudi, mkono ulirudi nusu, akili haikuwa imekwenda popote. Kilichopotea ni maneno. Yaliyobaki yalikuwa machache, na hayakuwa na mwenyewe: "ndiyo" ilitoka akitaka, ikatoka pia asipotaka.

Nasoro alikiinua kisanduku kwa mkono wa kushoto, akakipima uzito. Akakigeuza. Akasoma kibandiko chake.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Ndiyo."

Na akakisukuma, akamrudishia Usman.

Usman alitabasamu. "Umesikia, yaya? Mwenyewe alijengaka relais amekubali."

Amisa aliyaona macho ya mumewe. Alisema taratibu kwamba labda wangoje kidogo, labda Nasoro ana neno. Usman akamjibu kwa heshima kwamba mvua zinakaribia, wanachama wanasumbua, na fundi amekwisha patikana. Naye Amisa hakushikilia. Alikuwa opereta, si fundi. Alijiambia kwamba mambo ya mikebe hakuyajua hata siku zile, atayajua vipi leo? Alirudi kwenye sambaza zake. Nasoro aligeuza uso, akaangalia ziwa mpaka chakula kilipoiva.

Fundi aliitwa Chris, kijana aliyezoea kupanda minara ya simu, mtu mtaratibu mwenye kompyuta yake ndogo ya kupimia. Alipanda mlimani Miti na mtambo mpya na kile kisanduku. Huku Nguba, Amisa alipangusa vumbi kwenye redio ya zamani, akaiwasha, akaketi mbele yake. Alikuwa amejifunga kitenge kizuri bila kujua kwa nini.

Ilipoita, sauti ya Chris ilijaa sebuleni kana kwamba amesimama mlangoni. Usman alipiga makofi. Amisa alibonyeza kitufe, akasema, "Nguba anasikia," maneno ambayo hakuwa ameyasema kwa miaka mingi, na yalitoka kwa sauti ileile ya msichana wa ofisi.

Kisha Jean-Marie, nahodha wa Neema, akaita kutoka upande wa Idjwi. "Nguba, Ngu..." Ikakatika. Akaita tena. Ikakatika palepale. Kila mara relais ilipofungua mdomo kumrudia, ilimpoteza.

Chris alihangaika mlimani siku ile na kesho yake. Alizungusha skurubu zote za kisanduku. Aligundua kwamba akizima upande wa kutuma, anamsikia Jean-Marie vizuri kabisa. Akiuwasha, nahodha anapotea. Alifikiria kuweka antena mbili, moja ya kusikia na moja ya kusema, zitengane kwa umbali. Lakini wezi walikuwa wamebeba vipande vya juu vya nguzo, na kilichobaki kilikuwa kifupi. Antena mbili zingekaa kama ndugu wawili kitandani. Aliposhuka hakujifichaficha.

"Maman, ile kintu iko na masikio," alimwambia Amisa, "lakini ikianza kusema inajiziba yenyewe. Nimefanya yote nilijua. Kwa simu hatutumiaka bintu bile. Niko nahitaji mwenye alifanyaka hii kazi."

Mwenye alifanyaka hii kazi alikuwa palepale kwenye kiti cha nailoni, anasikiliza.

Asubuhi iliyofuata Amisa alimpelekea chai, akaketi karibu yake. Alimsimulia yote, neno kwa neno, kama alivyokuwa akimsomea zamani ujumbe wa mabaharia. Nasoro alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua bilauri mbili za chai zilizokuwa kwenye sinia akazisogeza zikagusana. Akazigonga kwa kidole: hizi. Zetu. Halafu akaonyesha boksi tupu la kisanduku, lililokuwa limebaki barazani, na akazitenga zile bilauri, moja mwisho huu wa meza, nyingine mwisho ule. Akamtazama mkewe usoni.

Amisa hakuelewa mara ya kwanza. Nasoro alirudia, bila hasira. Zetu: zinagusana. Za boksi: mbali, mbali.

"Frekansi," Amisa alisema polepole. "Frekansi zetu mbili zinakaa karibu. Hiki kisanduku kimetengenezwa kwa zinazokaa mbali."

Nasoro alifumba macho, akapumua. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto juu ya sakafu, akaupandisha mpaka ukapita goti lake, akachora duara hewani, nene kama shina la mgomba.

"Mikebe," Amisa alisema. "Unasema mikebe."

"Basi," Nasoro alisema, na safari hii neno lilikuwa limekaa karibu kabisa na maana yake.

Ndipo maelezo ya zamani yakamrudia Amisa, yale aliyokuwa akiyasikia kwa sikio moja huku la pili likiwa kwenye sufuria. Nasoro alimwambia, walipokuwa wameoana karibuni, kwamba kila mkebe ni chumba chenye kuta za shaba kinachopenda sauti moja tu. Ndani yake kuna ufito. Ukiusukuma chini au kuuvuta juu unabadilisha sauti ambayo chumba kinaikubali na ile kinayoikataa. Mkebe mdogo hauna ukali: sauti mbili zikikaribiana unashindwa kuzitofautisha, unaziruhusu zote. Mkebe mkubwa unachagua vizuri. Ukiipanga mingine upande wa kusema na mingine upande wa kusikia, kila mmoja unakata kidogo, mpaka kelele zote za mdomoni zinaishia njiani na sikio linabaki wazi kwa boti ndogo iliyoko mbali. Amisa alikuwa akimjibu "ehe", na anageuza bugali.

Lakini kulikuwa na mambo mengine ambayo alikuwa ameyasikia kwa masikio yote mawili.

Mwaka ule relais ilipojengwa, hawakuwa wamejuana ila kwa redio. Nasoro alikuwa fundi mgeni kutoka Uvira, anakaa mlimani na baridi ya Miti, na kila asubuhi anamwita msichana wa Nguba amsemee ili apate kupanga mikebe yake. "Nguba, sema tena." Amisa alihesabu mpaka akachoka kuhesabu. Alisoma gazeti. Gazeti lilipokwisha alisoma bei za soko la Nyawera, samaki, unga, mafuta ya mawese. Alisimulia habari za paka wa ofisi. "Nguba, endelea, bado napanga." Siku zikapita namna hiyo, na ziwa zima linasikiliza, kwa sababu relais haina siri. Mwisho mzee mmoja wa Idjwi, nahodha mwenye sauti nzito, aliingia katikati akasema kwa upole kabisa: "Mademoiselle, hii relais iko nzuri tangu juma liliopita. Huyu kijana hana kazi ingine." Manahodha wakacheka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akibonyeza kitufe chake ili kicheko kipite. Posa ilipokuja kwa baba yake Amisa, hapakuwa na nahodha aliyeshangaa.

Wengi wao sasa walikuwa wamekufa. Yule wa sauti nzito alikufa wakati wa vita vya kwanza vya nchini mwao. Amisa alikuwa bado anaweza kuwasikia, kila mmoja na namna yake ya kuanza: aliyevuta pumzi kwanza, aliyegonga kipaza sauti, aliyeita jina la boti yake mara mbili kana kwamba ingeweza kukana. Kwa simu, alifikiri, watu wawili tu ndio wanaosikia. Siku zile mtoto akizaliwa Kalehe, wafanyabiashara wote wa ziwa walimpongeza baba kabla hajafika nyumbani.

Alipoinuka kutoa sinia, Nasoro alikuwa amekwisha vaa kiatu cha kushoto na anahangaika na cha kulia.

Walipanda na pikapu ya Chris. Usman alibaki Nguba kwenye kipaza sauti. Alijitolea mwenyewe, na Amisa alielewa kwamba ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Barabara ilikuwa na matope. Walipita Mudaka siku ya soko, katikati ya mikungu ya ndizi na wanawake wenye mizigo ya majani ya muhogo, na Nasoro aliegemeza kichwa dirishani akiangalia kila kitu kama mtu anayekagua. Penye kona ambako zamani gari lao liliharibika na wakala mahindi ya kuchoma mchana kutwa, alimgusa Amisa goti. Naye akasema, "Naona."

Mlinzi wa kituo cha mlimani alikuwa bado yuleyule, Papa Télesphore, mkulima wa Miti aliyelima maharage yake mpaka chini ya nguzo. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Mke wake, Maman Colette, alimkamata Nasoro mikono yote miwili, ule mzima na ule mgonjwa, akamsalimu kwa Kimashi, lugha ya kwao, salamu ndefu, bila kungoja jibu, na kwa sababu hakungoja jibu Nasoro alicheka.

Amisa aliuliza habari za mikebe kwa woga. Magamba yake ya nje yalikuwa ya aluminiamu, na miaka hii aluminiamu ilikuwa haidumu mahali popote. Wayeyushaji wa sufuria walipita kila kijiji wakinunua.

"Bale batu ba sufuria balikuya hapa mara mingi, maman," Télesphore alisema. "Mi nikabaambia hii si byuma bya kuuzisha. Hii iko bintu bya Papa Nasoro, na Papa Nasoro hajakufa."

Alisema hivyo mbele ya Nasoro mwenyewe, bila aibu. Kisha akawapeleka ndani. Mikebe ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa mifuko ya unga, midomo ya kebo imezibwa kwa vitambaa vilivyopakwa mafuta. Maman Colette alieleza kwamba alikuwa amelala juu yake miaka yote hiyo, na kwamba mwanzoni aliogopa radi ingeifuata ndani ya nyumba.

Waliitoa uani mmoja mmoja. Nasoro alikaa kwenye kigoda, akawa anaipokea. Aliitikisa, akasikiliza. Alinusa midomo ya kebo. Minne aliiweka kulia kwake. Miwili aliiweka kushoto, na Chris alipoifungua walikuta shaba ya ndani imeungua na kuwa nyeusi, radi ilikuwa imepitia humo, na maji nayo yakaingia baadaye. Nasoro aliipitishia kidole, akakiangalia kidole, akakipangusa kwenye suruali. Amisa hakujua aseme nini. Alikuwa amesimuliwa mara nyingi habari za siku ilipofika ile mikebe kutoka ng'ambo katika masanduku ya mbao, mipya, inang'aa kama vyombo vya bibi harusi, na Nasoro hakukubali mtu mwingine aibebe.

Chris alikuna kichwa. Sita ndiyo ilikuwa hesabu ya zamani, mitatu kila upande. Kwa minne, kinga ingepungua. Alisema wazi kwamba hajui kama itatosha. Nasoro alimtazama, kisha akaashiria: tubebe.

Ndani ya kijumba cha matofali waliisimamisha ukutani, miwili upande wa kusema, miwili upande wa kusikia. Chris aliunganisha mashine yake ya kupimia, ambayo ilionyesha kwenye kioo mstari wenye kilima na shimo. Kilima ni sauti ambayo mkebe unaipitisha, shimo ni ile unayoiua. Kazi ilikuwa kulipeleka shimo mahali pake bila kukihamisha kilima. Nasoro alikuwa hajawahi kuona mashine kama ile. Siku zake alipanga kwa sindano ya mita na kwa sikio. Aliinama mbele ya kioo muda mrefu. Chris akamwelekezea kwa kalamu, hii hapa kilima, papa, hii hapa shimo, na Nasoro akatikisa kichwa kwa furaha tupu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya rafiki ambaye siku zote alimjua kwa barua.

Kisha wakaanza. Chris alishika kioo na kusema kinachotokea. Amisa aliukumbatia mkebe usiyumbe, akihisi baridi yake kupita kwenye kitenge. Nasoro alishika ufito kwa vidole viwili vya kushoto. Aliusogeza kiasi ambacho jicho halikuona, na kwenye kioo shimo likatembea.

"Bado, papa. Bado. Hapo. Umepita kidogo." Na ufito ukarudi kwa upana wa unywele.

Ulipofika mahali pake, Nasoro hakuondoa mkono. Alimngoja Amisa aichukue spana na kukaza nati, na alimwangalia akiikaza, akamzuia ilipotosha. Walikwenda hivyo kutoka mkebe mpaka mkebe. Maman Colette alileta viazi vitamu vya kuchemsha, hakuna aliyevigusa mpaka vikapoa. Wakati fulani Amisa aliona kwamba siku zote zile alizokaa Nguba akisoma bei za samaki, haya ndiyo mumewe aliyokuwa akiyafanya upande wa pili: kitu kidogo namna hii, kwa subira namna hii. Yeye alikuwa amedhani Nasoro anapiga gumzo tu.

Walipowasha, Usman aliita kutoka Nguba, "moja, mbili, tatu," kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu, na relais ikamrudia safi. Jean-Marie akaita kutoka ziwani. Safari hii hakukatika katikati ya jina. Alisikika, lakini kwa kukwaruza, na alipoipita Idjwi na kusogea upande wa kaskazini akaanza kupotea tena.

Chris alipeleka mkono kwenye kitufe cha nguvu ya kutuma. Ni jambo ambalo mtu yeyote angefanya: hasikiki, ongeza. Nasoro akamkamata kiganja. Akakizungusha kile kitufe upande wa pili. Wakapunguza nguvu mpaka nusu, na chini ya nusu.

"Ndiyo," alisema Nasoro. Akatikisa kichwa kwa hasira na neno lake mwenyewe. "Ndiyo. Basi." Alimgeukia Amisa, akaweka kiganja mdomoni, kisha sikioni.

Amisa aliona jambo zima kwa mara moja, na alishangaa kwamba ni jepesi kiasi kile.

"Chris," alisema, "Jean-Marie yeye anatusikia vizuri. Sisi ndio hatumsikii. Relais inapiga kelele kuliko mikebe minne inavyoweza kuzuia. Ikisema polepole, kelele inapungua, sikio linafunguka. Boti zina antena nzuri, zitatusikia tu hata tukinong'ona."

Chris alifikiri, akaangalia kioo chake, akaandika kitu kwa kalamu kiganjani. "Iko juste, maman," alisema. "Kweli kabisa. Nilikuwa nawaza mudomo tu."

Wakamwita Jean-Marie. Alijibu kutoka mbali, mbali kabisa, na kila neno lilikuwa mahali pake: alikuwa na magunia ya kahawa, abiria, mbuzi wawili, na mawingu upande wa Kalehe. Aliuliza ni nani amefufua relais. Télesphore, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia.

Amisa alichukua kipaza sauti. Alisema ni mafundi wawili, Chris na Nasoro. Halafu Jean-Marie akaomba Nasoro amsalimu.

Hapo Amisa alisita. Alitaka kueleza kwamba mume wake hawezi, kwamba alipatwa na ugonjwa. Manahodha wapya hawakujua, na wa zamani walijua na kusahau. Lakini Nasoro alikuwa amekwisha nyoosha mkono. Amisa akamwachia kipaza sauti. Nasoro alikibonyeza, akakileta karibu na mdomo, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Alibaki hivyo, kidole kimebonyeza. Kisha akakiachia.

Kwenye redio sauti ya Jean-Marie ilirudi, ya polepole.

"Nimekusikia, Papa Nasoro. Asante."

Na kweli alikuwa amesikia. Redio yenye kungoja huvuma mfululizo, kama mvua juu ya mabati. Mtu akibonyeza kitufe chake, hata asiposema kitu, ule mvumo unakatika na unabaki ukimya safi. Kila mtu wa redio anaujua ukimya huo, anajua kwamba nyuma yake kuna mtu.

Umoja uliamua mikebe minne ibaki, na kile kisanduku Usman akakibadilisha kwa muuzaji kwa kebo mpya. Chris hupanda Miti kila robo mwaka kukagua nati, na mara nyingi kwanza hupitia Nguba kunywa chai na kuuliza jambo, naye Nasoro humjibu kwa bilauri, vijiko na vipande vya sukari, wakati mwingine asubuhi nzima. Télesphore alipewa kufuli mpya ya kijumba. Maman Colette alisema kitanda kimekuwa na nafasi mpaka anapotea.

Amisa alirudi kwenye kipaza sauti, saa za asubuhi tu. Manahodha wa sasa wana haraka, wanasema maneno machache, wengine hawajui kusema kwamba wamemaliza, inabidi awafundishe. Si kama zamani, na hadanganyi mtu kwamba ni kama zamani. Hakuna anayesoma bei za soko kwa redio. Lakini boti zinapotoka, moja baada ya nyingine, zinajitaja, na ya mwisho kujitaja, hakuna aliyepanga iwe hivyo, husema, "Bonjour, Papa Nasoro."

Amisa humsogezea kipaza sauti. Nasoro hubonyeza. Mvumo unakatika, ziwa zima linanyamaza kwa muda wa pumzi moja, kisha anaachia, na boti zinaendelea na safari.